Kansa ya tumbo: wapi utibiwe na gharama uzilinganishe vipi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya ni maswali yanayojirudia kwa watu wenye mgonjwa nyumbani ambaye ameshaambiwa, au wanahisi, ana kansa ya tumbo, ile ya mfuko wa chakula. Mimi sio daktari, ni mtu wa kusindikiza wagonjwa, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye madirisha ya malipo, na yaliyomo humu ni ya kukusaidia uulize vizuri, mambo ya dawa na dozi muulize daktari wako. Bei ya hospitali moja moja sijaweka kwa makusudi, zinabadilika kabla hata hujafika getini.

Kansa ya tumbo inatibiwa kwa shilingi ngapi?

Hili ndio swali la kwanza la kila mtu na ndio swali lisilo na jibu mpaka ujue stage, yaani kansa imefika wapi. Chukua wagonjwa watatu. Wa kwanza kansa yake imegundulika mapema sana, iko kwenye utando wa juu tu wa tumbo, huyo kuna sehemu wanaweza kuitoa kwa kamera bila kupasua. Wa pili imeingia ndani ya ukuta wa tumbo na kwenye tezi za jirani, huyo anahitaji kemo (dawa za kuua seli za kansa), oparesheni kubwa, alafu kemo tena. Wa tatu imeshafika kwenye ini, huyo oparesheni ya kutoa tumbo kwa kawaida haipo kwenye mpango, ni kemo na kumtuliza maumivu. Wote watatu kwenye faili imeandikwa kansa ya tumbo lakini bili zao hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo ukiona mtu anakutajia bei ya matibabu kwa simu kabla hajauliza majibu ya vipimo, huyo anauza, hatibu.

Hela ya kwanza kabisa iende kwenye vitu vitatu: kamera ya tumbo, kinyama (kipande kidogo kinachokatwa kwenye kidonda kikapimwe maabara), na CT skani ya kifua, tumbo na nyonga. Usianze kuchangisha ukoo kwa ajili ya oparesheni wakati hivi bado.

Mzee anatibiwa vidonda vya tumbo mwaka wa pili sasa na haponi, nianzie wapi?

Anzia kwenye kamera, yaani endoskopi, usinunue tena omeprazo ya duka la dawa. Dawa za kupunguza asidi zinatuliza hata kidonda cha kansa kwa muda, mtu anasema naona nafuu, miezi inapita. Dalili za kukimbiza ni kukonda bila sababu, kushiba baada ya matonge mawili matatu, kutapika chakula cha jana, kutapika damu, choo cheusi kama lami, damu kupungua bila maelezo, chakula kukwama kifuani. Kumbuka tu vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mwambie daktari kama mzee anavimeza.

Siku ya kipimo asile kitu masaa sita mpaka nane kabla. Ni mpira mwembamba wenye kamera unapita mdomoni, wanapuliza dawa ya ganzi kooni au wanampa sindano ya usingizi kidogo, na kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Cha kuuliza hapo ni kimoja, wamechukua vinyama vingapi? Kwa kidonda kinachotiliwa shaka miongozo inataka sita mpaka nane, kwa sababu kimoja tu kinaweza kuchukuliwa pembeni ya tatizo, majibu yakaja safi, na nyie mkarudi nyumbani mnashukuru Mungu kumbe bado. Kama majibu yamesema hamna kansa lakini mzee anaendelea kukonda, rudini wakarudie.

Kinyama wamenipa mkononi nipeleke maabara mwenyewe, ni sawa?

Inatokea sana, hasa mikoani. Angalia kikopo kina maji ya fomalini, sio maji ya kawaida wala drip, kina jina kamili la mgonjwa na tarehe, na kifuniko kimekaza. Majibu yakitoka omba ripoti yenye mhuri, alafu uliza na bloku. Hii watu wengi hawaijui: kinyama kinagandishwa kwenye nta, kale kapande ndio kanaitwa bloku, na kanatunzwa maabara. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, au ukienda hospitali nyingine kipimo cha HER2 (cha kuona kama kansa inafaa dawa fulani) kikahitajika, wataitaka hiyo bloku, na bila hiyo mgonjwa anaingizwa kamera upya na unalipa upya. CT skani nayo iombe kwenye CD au flashi. Picha ya ile karatasi nyeusi ya filamu uliyoipiga kwa simu dirishani haimsaidii mtaalamu kitu.

Kwa Tanzania niende hospitali gani?

Inategemea unatafuta nini, maana mara nyingi matibabu hayawi chini ya paa moja. Ocean Road pale Dar ndio taasisi ya saratani ya taifa, nguvu yake kubwa ni kemo na mionzi. Oparesheni kubwa ya tumbo kwa wagonjwa wengi wa Dar inafanyika Muhimbili alafu mgonjwa anapelekwa Ocean Road kwa kemo, kwa hiyo usishangae ukiwa na mafaili mawili na kliniki mbili. Kanda ya ziwa kuna Bugando Mwanza, wana kemo na mionzi, inasaidia watu wa Kagera, Mara, Kigoma wasifunge safari ya Dar. Kaskazini KCMC Moshi wana kituo cha saratani tangu 2016. Zanzibar wengi wanaanzia Mnazi Mmoja kisha wanapewa rufaa ya kuvuka. Praiveti zipo, Aga Khan na nyinginezo, huko foleni ni fupi na bili ni ndefu.

Kwa hospitali za serikali nenda na barua ya rufaa. Unaweza kwenda bila rufaa kwa njia ya kulipia haraka, Muhimbili wana kliniki yao ya kulipia, na hospitali nyingine za kanda wanaiita fasti traki, lakini uliza mapema: ukiingilia mlango huo, je ukilazwa utabaki kwenye bei hizo za juu au utahamishiwa wodi ya kawaida? Kuna familia zimeingia kwa haraka siku ya kliniki ili zimwone bingwa, zikajikuta wodi, maabara na thieta vyote vinachajiwa kwa bei ya praiveti, na kuhama katikati ya matibabu ni shughuli pevu.

Na malipo hospitali ya serikali ni kwa kontro namba. Mtu akikwambia nitumie kwenye namba yangu nikuwahishie kitanda, achana naye.

Niko Kenya, SHA (mamlaka ya bima ya afya) inalipa?

Inalipa lakini kwa kikomo. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024, kifurushi cha kansa kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka SHIF, mfuko wake mkuu wa bima, na ikiisha kuna 150,000 za ule mfuko wa magonjwa sugu, jumla 550,000. Viwango hivi serikali inavigusa mara kwa mara, kwa hiyo muulize ofisa wa SHA pale hospitalini siku hiyo hiyo na umwombe akuonyeshe salio la kaya kwenye skrini. Neno kaya hapo lina uzito, kama mke na mume wote ni wagonjwa wanakula sufuria moja. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua 300 kwa mwezi, na asiyeajiriwa analipa mwaka mzima mbele, sasa watu wanasubiri mpaka mgonjwa alazwe ndio wanakimbizana kulipa na mfumo siku hiyo uko chini.

Hospitali za kuulizia ni Kenyatta, ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi kule Eldoret, na vituo vya kansa vya mikoa Mombasa, Nakuru na Garissa. Tenwek kule Bomet wana jina kubwa kwa kansa ya koo la chakula na upasuaji wa sehemu hiyo ya juu ya njia ya chakula, na hospitali za misheni mara nyingi bei zao ziko katikati, sio bure kama unavyofikiria lakini sio za Nairobi.

Na sisi wa Goma, Bukavu, Bujumbura?

Wengi wanavuka. Butaro kaskazini ya Rwanda wana kituo cha kansa tangu 2012, Kigali pale hospitali ya jeshi Kanombe wana mionzi, na Kampala iko Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ya tangu 1967. Kabla hujavuka uliza bei ya mgeni, maana hospitali nyingi za umma zina bei ya raia na bei ya asiye raia, na tofauti yake inaweza kuondoa ile faida yote uliyoifuata.

Nina makadirio mawili ya hospitali mbili, nalinganishaje?

Hapa ndipo hela zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba za chini ni za kufikirika, za kujifunzia hesabu tu.

Tuseme hospitali ya misheni imekuandikia milioni 6.5 kwa oparesheni ya kutoa tumbo. Hospitali ya praiveti mjini imekuandikia milioni 5. Ukoo umekaa, wote wamesema twende kwenye milioni 5. Sasa rudi uulize humo ndani kuna nini. Misheni wamekwambia ni pamoja na daktari wa ganzi, siku mbili za ICU, wiki nzima ya wodi, kifaa cha kushonea utumbo, na kupima tumbo lililotolewa. Praiveti wamekwambia ile ni ya daktari na chumba cha thieta na wodi. Ongeza sasa: ganzi 400,000. ICU siku mbili kwa 600,000, hapo 1,200,000. Stepla, kile kifaa cha kushonea utumbo kwa pini ambacho kinatumika mara moja, 1,200,000, na hiki ndio kinasahaulika kuliko vyote. Maabara 300,000. Ile milioni 5 imekuwa 8,100,000 na mgonjwa hajapata tatizo lolote bado.

Alafu uliza swali ambalo hawapendi: mshono ukivuja, anarudishwa thieta kwa hela ya nani? Kuvuja kwa mshono ni tatizo linalojulikana kwenye oparesheni hii hata kwa madaktari wazuri, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kukaa ICU muda mrefu. Hospitali yenye uzoefu itakujibu bila kukasirika, wengine watakupa na makadirio ya hali ikiwa mbaya. Uliza depoziti ni kiasi gani na kama hela ikikatika njiani wanafanyaje.

Omba yote kwa maandishi, kwenye karatasi ya hospitali yenye mhuri, kila kitu kwenye mstari wake. Ukiwa na karatasi mbili za namna hiyo ziweke pembeni kwa pembeni, kila mstari ulio kwa mmoja na haupo kwa mwingine uandikie alama ya kuuliza na upige simu. Ni kazi ya nusu siku, mpe yule mtoto wa familia anayependa hesabu.

Kemo nayo je? Wameniambia bei ya mzunguko mmoja tu.

Zidisha. Mpango unaotumika sana kwa mgonjwa mwenye nguvu ambaye anaweza kufanyiwa oparesheni unaitwa FLOT, dawa nne pamoja, mizunguko minne kabla ya oparesheni na minne baada, kila baada ya wiki mbili. Dawa mojawapo inapita kwa masaa 24, kwa hiyo kila mzunguko una usiku wa kulala wodini, au kifaa maalumu cha kubeba nyumbani. Pia unashusha sana seli nyeupe, wagonjwa wengi wanahitaji sindano ya filgrastimu ya kuzipandisha, na hiyo kwenye ile bei ya mzunguko mmoja mara nyingi haimo. Na kila mzunguko kuna kipimo cha damu, figo na ini kabla, ukikuta seli ziko chini mnarudishwa nyumbani wiki moja na nauli imeshaliwa.

Kuna mpango mwingine unaitwa CAPOX, huo unatolewa sana kwa waliotangulia kufanyiwa oparesheni: dripu siku moja, alafu vidonge vya kapesitabini nyumbani wiki mbili, wiki ya tatu kupumzika, mizunguko minane, kama miezi sita. Kwa mtu anayekaa Songea na kemo iko Dar, tofauti ya kulala na kutolala wodini ni hela kabisa. Ila usichague wewe kwa sababu ya bei! Mwambie daktari hali yako ya hela na umbali wazi wazi, yeye ndio ajue kama mbadala unamfaa mgonjwa. Madaktari wengi hawaulizi uwezo wako kwa heshima tu, wakijua wanapanga vingine.

Hesabu sasa muda: wiki nane za kemo, kama mwezi wa kupumzika, oparesheni na kupona wiki sita mpaka nane, alafu wiki nane nyingine. Ni zaidi ya miezi sita. Chumba cha kupanga Dar, chakula cha mgonjwa na msindikizaji, bajaji kila kliniki, na yule msindikizaji ameacha duka lake limefungwa. Ukilinganisha hospitali ya mkoa wa jirani na ya mjini bila kuweka hivi umelinganisha nusu.

Nitajuaje huyu daktari wa upasuaji anaiweza hii oparesheni?

Muulize. Kwa adabu, lakini muulize: daktari, kwa mwaka mnafanya ngapi hapa? Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha wagonjwa wanapona vizuri zaidi kwenye hospitali zinazoifanya mara nyingi. Uliza kama wanatoa na tezi za kuzunguka tumbo, wao wanaita D2, na baada ya oparesheni soma ripoti ya maabara imesema wamekagua tezi ngapi, inatakiwa angalau 16 ili stage iaminike. Uliza pia kama kesi imepita kwenye jopo, maana pale ambapo daktari wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi na wa picha wanakaa meza moja, kuna uwezekano mdogo wa mgonjwa kukimbizwa thieta wakati alitakiwa aanze na kemo. Leseni nayo inakaguliwa, Tanzania kwa Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya kwa KMPDC, baraza la madaktari la huko.

NHIF ya Tanzania (mfuko wa taifa wa bima ya afya) inalipa?

Inalipa mengi, ila sio yote na sio kila hospitali. Kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo bima inalipa, kilipoanza Machi 2024 palitokea mvutano na hospitali za praiveti, baadhi zikasimama kwanza kupokea kadi, kwa hiyo usitegemee stori ya jirani ya miaka mitatu iliyopita, piga simu uulize kama wanapokea kadi ya aina yako leo. Dawa za gharama zinahitaji kibali kabla, na kibali kinachukua siku, fuatilia mwenyewe dirisha la bima usisubiri kuitwa. Kama ndio kwanza unakata bima na mgonjwa tayari unaye, uliza muda wa kusubiri kabla hujalipa.

Hatuna bima na hatuna hela, ndio basi?

Hapana, kuna ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali za umma. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au mtendaji inayoeleza hali ya familia, kitambulisho, na karatasi ya rufaa, na uende mapema kabla ya bili kukua, sio siku ya kuruhusiwa. Watakuhoji mambo ya nyumbani, usione aibu, kazi yao ni hiyo. Msamaha unaweza kuwa wa yote au sehemu. Mchango wa WhatsApp nao ni njia, ila weka mhasibu mmoja na tuma picha za risiti kwenye grupu, watu wakiona risiti wanachanga mara ya pili.

Watu wanasema twende India, ina faida?

Kuna wakati ina faida kweli. Mara nyingi ni pale kipimo au dawa fulani haipo huku, au mnataka oparesheni kwa mtu anayezifanya kila wiki na familia ina uwezo. Tata Memorial ya Mumbai, iliyoanzishwa 1941, ni hospitali ya umma inayoheshimika sana kwa kansa, foleni yake ni ndefu. Apollo na wenzake ni biashara, wanakujibu barua pepe siku hiyo hiyo.

Tuma ripoti ya kinyama, CT yenyewe, na muhtasari wa daktari kwa hospitali tatu, ukiwaandikia moja kwa moja kwenye anwani iliyo kwenye tovuti ya hospitali. Usishangae mmoja akisema oparesheni kwanza na mwingine kemo kwanza, na jibu lenye maelezo lina thamani kuliko jibu la bei rahisi. Kisha weka juu yake: tiketi za watu wawili, gesti karibu na hospitali, chakula, mkalimani, na kemo zile za kabla na za baada. Familia nyingi zinafanya oparesheni India na kemo nyumbani, ni mpango mzuri, ila daktari wa huku akubali KABLA hamjaondoka na mje na muhtasari wa oparesheni na ripoti ya maabara mkononi.

Viza ya matibabu ya mtandaoni ya India ni ya siku 60, unaingia mara tatu, na wasindikizaji wawili wanaweza kupata ya kwao. Wa Kenya, Uganda na Kongo beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo unaweza kuwekwa karantini. Mtanzania nawe choma tu, usije ukapitia nchi nyingine njiani ukajuta. Ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai zipo, Air Tanzania kutoka Dar na Kenya Airways kutoka Nairobi, na kwa mgonjwa anayetapika safari bila kubadilisha ndege ni jambo kubwa kuliko punguzo la tiketi.

Na Korea, Japani, Uturuki?

Korea na Japani ndio walimu wa kansa hii, inawapata watu wao wengi na Korea wanawapima kwa kamera kuanzia miaka 40 kila miaka miwili, ndio maana wanaikuta mapema. Faida hiyo ya kuikuta mapema haipandi ndege na wewe. Mgonjwa wa stage ya nne ukimpeleka Seoul atapewa dawa za ukoo ule ule kwa bei ya Seoul. Uturuki wana matangazo mengi, tumia karatasi ile ile ya kulinganisha.

Ajenti wa matibabu nimwamini?

Wengine ni wasaidizi wazuri, wanapokea mtu airport, wanatafsiri. Lakini wengi wanalipwa kamisheni na hospitali, kwa hiyo hospitali wanayokupeleka ndio inayowalipa. Muulize anapata wapi hela yake. Lipia akaunti ya hospitali tu, sio ya mtu. Ukiona anakukimbiza, "leo ndio mwisho wa ofa", kansa haina ofa.

Kuna kliniki inasema inaondoa bila kupasua, kwa dawa za mimea.

Tunaikumbuka Loliondo ya Tanzania 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, foleni ya magari kilomita kwa kilomita. Hizi za sasa sio za 500, wanataka malaki kwa kopo. Kama mgonjwa anataka dawa ya asili, amwambie daktari wa kemo, maana kuna mitishamba inagombana na dawa na kuchosha ini. Na usimalize nauli ya kemo huko.

Imeshasambaa. Tuuze shamba?

Swali gumu kuliko yote na mara nyingi linaulizwa saa nne usiku. Muulize daktari maswali mawili peke yako au pamoja na mgonjwa: lengo la dawa hii ni kuponya au kuongeza muda? Na kwa wastani inaongeza kiasi gani? Mfano, trastuzumabu kwa wale ambao kansa yao ina HER2. Kwenye utafiti mkubwa uliotolewa 2010, walioongezewa dawa hiyo juu ya kemo waliishi miezi 13.8 kwa wastani wa kati, waliopata kemo peke yake 11.1. Kuna waliokwenda mbali zaidi ya hapo na kuna ambao hawakufika. Siku hizi kuna nakala zake za kampuni nyingine kwa bei ya chini, uliza hizo. Sindano za kuamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, kama nivolumabu, nazo zinasaidia baadhi, kuna kipimo cha kinyama kinachoonyesha nani, na kununua bila hicho kipimo ni kamari.

Maoni yangu, na ni yangu tu: kemo ya kawaida kwa mgonjwa anayeweza kutembea na kula ina maana hata stage ya nne, inaongeza muda na inapunguza mateso, na haihitaji shamba zima. Kuuza shamba linalolipa ada za watoto kwa ajili ya wiki kadhaa ni uamuzi ambao mgonjwa mwenyewe aulizwe. Wazee wengi wakiulizwa jibu lao linawashangaza watoto.

Morfini ya maji ipo na sio ya gharama kubwa, Ocean Road na hospitali nyingine kubwa wana kitengo cha tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso. Ikitumika kama daktari alivyoandika haimfanyi mtu teja na haimwahishi kufa. Tumbo likiziba kuna bomba la kupanua njia au oparesheni ndogo ya kupitisha chakula pembeni, ulizia.

Mama hajui ana kansa, tumemwambia ni vidonda. Tufanyeje?

Fomu ya kukubali oparesheni atasaini nani, na kwa kujua nini? Kemo inaweza kumwangusha nywele, atakaa benchi na wagonjwa wenzake ambao hawana siri. Atajua, na atajua kwa njia mbaya. Mwombeni daktari amwambie mbele ya mtu mmoja anayemwamini, aambiwe kwa kiasi anachotaka yeye kujua.

Baada ya oparesheni gharama zimeisha?

Hapana ila zinapungua. Aliyetolewa tumbo lote anahitaji vitamini B12 ya sindano maisha yake yote, sio ghali lakini isikatike. Atakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, uji wenye sukari nyingi unaweza kumletea kizunguzungu, jasho na kuharisha, kwa hiyo uji uwe mzito usio na sukari sana na maji anywe mbali na chakula. Miezi ya kwanza anakonda, msiogope kabla ya kuuliza. Kliniki ni kila baada ya miezi michache, tenga nauli.

Sisi watoto tupime?

Kama ni baba au mama, pimeni bakteria wa H. pylori, ambaye Shirika la Afya Duniani kupitia IARC, taasisi yake ya utafiti wa kansa, lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya kansa mwaka 1994. Kipimo cha choo ni bora kuliko kile cha damu cha haraka, kwa sababu cha damu kinaonyesha hata maambukizi ya zamani. Usipime ukiwa unatumia omeprazo, iache wiki mbili kwanza, na antibayotiki wiki nne. Ukikutwa naye maliza dozi yote kama ulivyoandikiwa, na urudi upime tena baada ya wiki nne au zaidi kuona kama ameondoka. Kama kwenye ukoo wameugua wawili au zaidi, au mtu ameugua akiwa kijana, mwambie daktari akuandikie kamera hata kama huumwi kitu.